Kaka Yangu, Konda wa Barabara ya Morogoro

Kaka yangu alizaliwa mwaka 1986, miaka mitatu baada ya serikali kukubali kwamba daladala zipo. Nasema kukubali kwa sababu magari yenyewe yalitangulia sheria. Mwaka 1970 serikali iliitaifisha kampuni ya mabasi ya DMT, na mwaka 1974 ikaigawa: KAMATA ikapewa safari za mikoani, UDA ikapewa Dar es Salaam. Jiji likaendelea kupokea watu, mabasi yakabaki machache. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973 na tena mwaka 1979, vita vya Kagera vikameza fedha za kigeni, vipuri vikawa adimu. Basi lililoharibika lilibaki yadi na kugeuka ghala la vipuri vya mabasi yaliyokuwa bado yanatembea. Watu wakazoea kusubiri vituoni hadi miguu iume.

Wenye magari yao wakaanza kuwabeba kwa kificho. Nauli ilikuwa thumni, yaani nusu shilingi, na magari nayo yakaitwa thumni. Polisi waliyakamata, wenyewe wakayarudisha barabarani. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria mjini kwa kibali cha UDA. Nauli sasa ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo mtaani iliitwa dala. Jina la thumni likafa, likazaliwa hili tulilo nalo.

Mwaka huohuo wa 1983 ilitungwa pia Sheria ya Nguvu Kazi, iliyomtaka kila mwenye uwezo wa kufanya kazi awe na kazi inayojulikana. Dar es Salaam watu walikamatwa mitaani kwa uzururaji na kurudishwa vijijini. Kijana aliyening'inia mlangoni mwa daladala alisimama katikati ya maamuzi hayo mawili ya mwaka mmoja: gari lake lilikuwa na kibali, yeye mwenyewe hakuwa na karatasi yoyote. Kaka aliingia kwenye kazi hiyo mwaka 2005, na kwa upande wa karatasi hakukuta kilichobadilika.

Alifariki mwaka 2022, akiwa na miaka 36. Moyo, daktari alisema. Msibani watu walizungumza vizuri sana juu yake, na karibu wote walitumia sentensi moja: alikuwa mchapakazi, lakini pia alipenda sana raha na utani. Nimeisikia sentensi hiyo kwa majirani, kwa wajomba, hata kwa mzee aliyeongoza dua. Nakubaliana nayo yote isipokuwa neno "lakini". Nasoma shahada ya uzamili katika historia, na tumefundishwa kuyatilia shaka maneno madogo ya aina hiyo, kwa sababu mara nyingi ndimo hukumu inamojificha. "Lakini" hiyo inasema kwamba kazi ilikuwa upande mmoja na kicheko upande mwingine, na kwamba kicheko tunamsamehe kwa kuwa alikwisha kufanya kazi. Mimi naamini vilikuwa kitu kimoja.

Ili kuelewa hilo, lazima kujua konda analipwaje. Wengi wetu tumepanda daladala maisha yetu yote bila kuuliza. Tajiri, yaani mwenye gari, hamlipi konda mshahara. Anamkabidhi dereva gari asubuhi na kutaka kiasi fulani cha fedha kila jioni. Kiasi hicho huitwa hesabu. Mafuta wananunua dereva na konda. Pancha ni yao. Faini ndogondogo za barabarani ni zao. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndiyo riziki yao ya siku, nao wanagawana. Siku ya mvua na foleni, hesabu haipungui. Gari likilala gereji, hakuna anayelipwa. Konda akiumwa, anamwachia nafasi deiwaka, mmoja wa vijana wanaoshinda kituoni wakisubiri mwenzao achoke, na akipona inabidi amwombe deiwaka huyo ampishe.

Ukifanya hesabu hizo, unaelewa mambo mengi yanayotuudhi. Mwendo wa kasi, kujaza abiria kama dagaa, kukatisha ruti njiani: yote yanatokana na saa zile za jioni ambapo hesabu bado haijatimia. Unaelewa pia kwa nini kaka aliondoka nyumbani saa kumi alfajiri na kurudi saa nne usiku, siku sita kwa wiki, na ya saba akaikopesha nusu kwa kufua na kulala, nusu kwa kigodoro chochote kilichokuwa kinapigwa mtaani. Alicheza muziki kama mtu anayedai deni. Mama alikuwa akimwambia, "Wewe mtoto, mwili si wa chuma." Naye anajibu, "Ndiyo maana naupeleka gereji, mama."

Alianza kama mpiga debe Kimara, akawa deiwaka, kisha akapata gari la kudumu, Coaster iliyokwenda Kimara–Kariakoo kwa Barabara ya Morogoro. Nilipanda gari lake mara nyingi, na naweza kueleza alivyofanya kazi. Alikuwa na sauti, ndiyo, lakini kila konda ana sauti. Yeye alikuwa na kumbukumbu. Alijua fundi yupi anashuka Urafiki, na muuza mitumba yupi anapanda Manzese na furushi. Mwanamke yeyote aliyezidi miaka hamsini alikuwa mama mkwe wake, na mama mkwe hasimami: kijana aliyekaa siti ya mbele alijikuta ameinuka kabla hajaamua kuinuka, kwa sababu gari zima lilikuwa linamtazama na kucheka. Abiria akilalamika kwamba amebanwa, kaka anamjibu kwamba jirani yake ndiye mwenye malalamiko, maana yeye amekaliwa na mtu mwenye malalamiko. Ugomvi wa chenji aliumaliza kwa mzaha, na alipoumaliza ilikuwa ni chenji kamili.

Wakati huo nilidhani anajifurahisha tu. Baada ya mazishi nilikuta madaftari yake, na madaftari yakanieleza zaidi.

Yalikuwa matatu, yale ya shule yenye majedwali ya kuzidisha nyuma, yamefungwa kwa mpira wa tairi ndani ya begi lake la nguo. Yanaanzia Septemba 2010 hadi Juni 2012. Kila siku ina mstari wake: idadi ya tripu, mafuta, hesabu, chai, na kilichobaki. Mwanzoni sikuelewa kwa nini aliandika, kwa kuwa makonda wengi huweka yote kichwani. Dereva aliyefanya naye kazi miaka ile ndiye aliyenifafanulia. Walipoanza kufanya kazi pamoja, dereva alikuwa na wasiwasi kwamba fedha hazilingani na vichwa, yaani abiria. Kaka akaanza kuandika kila kitu ili asiitwe mwizi. Daftari lilikuwa utetezi wake. Hakuna ofisi iliyomwagiza.

Tarehe 6 Mei 2012, Jumapili, Simba iliifunga Yanga mabao matano kwa bila. Kaka alikuwa Yanga wa kufa na kuzikwa, na barabara nzima ilijua. Dereva ananiambia kwamba Jumatatu asubuhi, kuanzia Kimara hadi Kariakoo, kila kituo kilikuwa na watu wanaomwonyesha vidole vitano. Konda mwingine angejificha nyuma ya kofia. Yeye alifungua mlango, akatoa nusu ya mwili nje na kutangaza kwamba leo nauli ni ileile, hivyo vidole visionyeshwe bure, vije vimeshika hela. Watu waliacha magari mengine wakapanda la kwake ili wapate kumtania njia nzima. Daftari linasema nini juu ya siku hiyo? Hesabu ilitimia mapema kuliko siku yoyote ya wiki ile, tripu zilizobaki zote zikawa zao. Pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: "Tano zimelipa."

Huo ndio ushahidi wangu dhidi ya "lakini". Mtu aliyebaki barabarani saa kumi na nane, kwa malipo yanayotegemea nani anachagua kupanda gari lipi, alikuwa na kifaa kimoja tu kisichonunuliwa na tajiri, nacho ni mdomo wake. Utani ulijaza siti na kuzuia ngumi. Ulimfanya pia dereva asisinzie saa tatu usiku pale Jangwani, maji yakiwa yamefika kwenye matairi na foleni haisogei. Nina hakika aliufurahia. Seremala hodari naye hufurahia kupiga randa, na hatusemi kwamba ni mchapakazi lakini pia anapenda mbao.

Kuna jambo lingine ndani ya madaftari hayo, nalo si jepesi kwangu.

Januari 2011 niliingia kidato cha kwanza katika shule ya serikali ya kutwa. Ada ilikuwa Sh 20,000 kwa mwaka, na juu yake kulikuwa na michango, sare, madaftari na nauli. Baba alikwisha kufariki. Kaka alilipa vyote. Kila asubuhi nilisimama kituoni na wenzangu, nikizuiwa mlangoni na vijana wanaofanya kazi ileile iliyolipa ada yangu. Nauli ya mwanafunzi ni pungufu kwa mujibu wa kanuni, na pengo lile hakuna anayelifidia: si serikali, si tajiri. Linatoka kwenye mfuko wa konda na dereva. Ndiyo maana denti husukumwa, huambiwa gari limejaa wakati siti zinaonekana, huachwa hadi saa tatu asubuhi akachapwe kwa kuchelewa.

Jioni moja nilimuuliza kama na yeye hufanya hivyo. Hakucheka. Alisema, "Mdogo wangu, denti ni nusu kichwa. Hesabu haijui nusu." Nikanyamaza, kwa sababu nilijua sare niliyovaa ilitoka kwenye hesabu hiyo.

Katika madaftari, wanafunzi wanaitwa "nusu". Aliwaandika kando ili dereva aelewe kwa nini tripu iliyojaa imeleta fedha kidogo. Nimehesabu. Kuanzia Septemba hadi Desemba 2010, katika tripu ya kwanza ya asubuhi, nusu ni wawili, watatu, mara chache wanne. Kuanzia mwishoni mwa Januari 2011 ni saba, wanane, siku nyingine kumi. Inabaki hivyo hadi daftari la mwisho. Mimi sikupanda gari lake asubuhi, shule yangu ilikuwa njia nyingine. Hao walikuwa watoto wa watu wengine.

Mtafiti mwangalifu atasema kwamba huenda dereva alibadilika, au trafiki walikaza kamba mwaka ule, au ratiba ya tripu ilisogea ikakutana na saa za shule. Nimemuuliza dereva. Alikuwa yuleyule, na tripu ilikuwa ileile. Alichokumbuka ni kwamba waligombana juu ya nusu, na kaka akakubali pungufu la asubuhi likatwe kwenye mgawo wake. Ipo kweli kwenye mistari: safu ya "kilichobaki" imegawanywa mara mbili, na upande wake ni mdogo. Hakuwahi kunieleza. Nami sitamgeuza mtakatifu kwa hilo, kwa sababu tripu za jioni za daftari lilelile hazina nusu karibu kabisa. Jioni hesabu ilikuwa bado inadai.

Nimesoma kiasi juu ya usafiri wa Dar es Salaam kwa ajili ya masomo yangu. Mabasi yameandikwa: leseni, ruti, nauli, rangi ya mkanda ubavuni, ajali. Wenye mabasi wameandikwa pia. Konda mara nyingi anaonekana anapokosea: lugha chafu, kuzidisha nauli, kutovaa sare. Lakini historia yao ya kudai haki ipo kwa anayeitafuta. Mwishoni mwa miaka ya 1990 madereva na makonda wa jiji waliunda umoja wao, UWAMADAR, na dai lao kubwa lilikuwa mkataba wa ajira wa maandishi. Dai hilo lilikuwa bado linapigiwa kelele Aprili na Mei 2015, madereva walipogoma na kituo cha mabasi cha Ubungo kikajaa abiria wasio na pa kwenda. Kaka alikuwepo Ubungo moja ya siku hizo. Alirudi nyumbani mapema kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akala mchana nasi, akasema kwamba kumbe jua la saa nane huingia hadi sebuleni.

Mwaka uliofuata, Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yakaanza kutembea kati ya Kimara na Kivukoni, katika njia zao wenyewe, na daladala za Barabara ya Morogoro zikapangiwa ruti nyingine. Sina ugomvi na mwendokasi. Mama sasa anafika mjini akiwa amekaa, siku akibahatika. Ila nilipanda na kaka wiki za mwanzo, na niliona kitu. Soma majina ya vituo: Korogwe, Bucha, Baruti, Shekilango, Urafiki, Argentina, Kagera, Mwembechai, Usalama, Mapipa, Fire. Majina hayo niliyasikia kwanza midomoni mwa makonda, yakiitwa kwa haraka hadi yanaungana. Urafiki ni kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1960. Vizazi vimekua vikishuka Urafiki bila kuvaa kanga ya Urafiki, kwa sababu tu sauti mlangoni iliendelea kulitaja jina hilo kila siku. Sasa yamepigwa rangi kwenye mabango ya vituo. Kaka alisimama akishika bomba, na kila tulipokaribia kituo vidole vyake viligongagonga sarafu mbili zilizokuwa kiganjani. Hakuna aliyegeuka kumlipa.

Alihamia ruti za Mbezi, akaendelea hadi mwili ulipokataa. Alipofariki, magari manne ya ruti yake yaliacha kazi kutwa nzima yakabeba waombolezaji hadi makaburini, na kila moja lilikuwa na hesabu ya kupeleka jioni. Tajiri alileta sanduku. Makonda walipitisha ndoo, wakachanga kwa sarafu na noti zilizokunjwa kwa urefu, vile wanavyozibana katikati ya vidole.

Ameacha mtoto mmoja, wakati ule akiwa na miaka saba. Mama yake aliponiomba nimsaidie kufuatilia kama kuna mafao yoyote, niligundua kwamba miaka 17 ya kazi haina mkataba, hati ya mshahara, michango ya hifadhi ya jamii wala barua ya utambulisho. Hakuna ofisi iliyotukataa, kwa kuwa hapakuwa na ofisi ya kwenda kuuliza. Kwa macho ya karatasi, kaka alizaliwa, akamaliza darasa la saba, akafa. Mjane alihitaji ithibati kwamba mume wake alikuwa mfanyakazi, nami nilikuwa na madaftari matatu yaliyofungwa kwa mpira wa tairi. Hayakumpatia hata shilingi.

Bado sikubali kwamba hayana thamani. Tunapofundishwa juu ya vyanzo vya historia, tunaambiwa tuulize nani aliandika, kwa ajili ya nani, na kwa nini. Madaftari haya aliyaandika konda, kwa ajili ya dereva, ili aaminike. Katika kurasa zake mwanahistoria wa uchumi atapata bei ya dizeli siku kwa siku. Wa elimu atapata safu ya nusu. Wa kazi ataona namna watu wawili wasio na mkataba walivyojitengenezea mmoja wao wenyewe, kwa kalamu ya bluu, na kuuheshimu.

Nimepiga picha kurasa zote na kuziandikia maelezo kama tunavyofanya kwa nyaraka yoyote: aina, ukubwa, tarehe, hali ya karatasi. Penye jina la mwandishi nimeandika jina lake kamili, lile ambalo kituoni hakuna aliyelijua, kwa maana huko alikuwa na majina matatu na hakuna hata moja lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Penye kazi nimeandika: konda. Nyaraka halisi nimemrudishia mwanawe, nakala nitazikabidhi pale zitakapoweza kusomwa na wengine. Nina imani kwamba siku moja atatokea mwanafunzi atakayezifungua akitafuta takwimu za usafiri. Atafika kwenye mstari wa Mei 2012, atakutana na maneno mawili ya wino mwekundu yasiyoelezea chochote kuhusu dizeli wala tripu, na itamlazimu aende akatafute matokeo ya mpira.